Majembe Mia Tatu Kabla ya Mvua

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari amenikataza nyundo. Kasema msuli wa bega la kulia umechanika nusu, na nikiendelea kugonga utachanika wote, halafu hata kuchana nywele nitaomba msaada. Nikamuuliza, "Hata nyundo ndogo?" Akasema, "Mama, hata ya kupigilia msumari wa kalenda."

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mume wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko chumba cha mbele, karakana yangu iko uani, na kati yetu kuna ukuta wenye dirisha moja lisilo na kioo. Nilipomweleza aliacha kukanyaga cherehani, akafungua droo, akanipa daftari hili la mraba analoandikia vipimo vya watu. "Andika," akasema. "Ukikaa bure utatugombeza wote mpaka kuku."

Basi naandika. Nina miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo nimesimama mbele ya moto. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya makaa.

5 Agosti

Kila anayepita mlangoni ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ninazo tano. Bega la kulia ninalo moja.

6 Agosti

Leo kaja Katibu wa ushirika wa wakulima. Mtu mwembamba, kalamu tatu mfukoni, hacheki ovyo. Wanataka majembe mia tatu kufikia tarehe thelathini Septemba, wakulima wawe nayo mikononi kabla ya mvua. Kasema wajumbe wengi wanataka yale ya dukani, yale mepesi yanayojikunja ukikutana na jiwe. Yeye ndiye aliyewaomba wanipe nafasi mara hii moja. "Ukichelewa, mama, sitakuwa na mdomo tena wa kukutetea. Oda zote zitakwenda dukani, mwaka huu na ujao."

Bila oda za ushirika karakana hii inafungwa. Siandiki ili kujihurumia, ndivyo ilivyo. Fedha ya wateja wa kisu kimoja kimoja hainunui hata makaa.

Nikamwambia, "Utayapata." Mdomo wangu huu! Mkono umefungwa kitambaa shingoni, mdomo unaahidi majembe mia tatu.

7 Agosti

Nimefanya hesabu mara tatu, jibu ni lile lile. Mimi na mdogo wangu tukiwa wazima tulitoa majembe kumi kwa siku. Yeye anapiga kwa nyundo kubwa, mimi nafuatia kwa nyundo ya kati, tunapokezana, chuma hakipati nafasi ya kupoa. Peke yake anatoa manne, mabaya. Manne kwa siku hayafiki mia mbili.

Jirani yetu ana mashine ya kusaga nafaka iliyokufa, lakini mota yake nzima. Nimeitazama mota ile muda mrefu mpaka jirani akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

8 Agosti

Nimemwita fundi wa kuchomelea. Tunamwita Miwani, kwa sababu ile miwani yake nyeusi haimtoki kipajini, hata msibani anakwenda nayo. Nimemchorea kwenye daftari hili nyundo ya mashine. Mota ya jirani, ambayo amekubali kunikopesha, gurudumu la gari lenye tairi lake, springi za lori, na kipande cha shafti cha kilo thelathini kiwe ndiyo nyundo yenyewe. Ukikanyaga kanyagio, puli ya mota inabana tairi. Tairi likizunguka, springi inapanda na kushuka na nyundo inapiga. Ukiinua mguu, puli inaachia, nyundo inasimama. Niliwahi kuiona mara moja, ujana wangu, katika karakana ya reli.

Miwani kageuza daftari juu chini, kalirudisha. "Hii ikikubali, dada, nitaacha kuvaa miwani."

9 Agosti, Jumamosi

Nimegombana na mdogo wangu. Watu wanamwita Ngurumo kwa jinsi anavyopiga, nyundo yake inasikika mpaka stendi. Miaka ishirini tumefanya kazi pamoja bila kuongea. Nikigonga chuma kwa nyundo ndogo, anapiga nilipogonga. Nikigonga mara mbili ukingo wa fuawe, chuma tunachofulia juu yake, maana yake basi, anasimama. Hatujawahi kukosana hata pigo moja.

Leo kaingia akamkuta Miwani anakata vyuma. Kauliza ni cha nini. Nikamwambia, nyundo ya mashine. Akavitazama vyuma, akasema, "Kwa hiyo bega ni lako, anayeondolewa ni mimi."

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Badala yake nikasema, "Kama unaogopa vyuma chakavu, ondoka." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya fuawe, akaondoka.

Potelea mbali. Atarudi Jumatatu.

11 Agosti, Jumatatu

Hakuja.

13 Agosti

Anabeba magunia kwenye ghala karibu na stendi. Mume wangu ndiye aliyeniambia. "Mfuate umweleze," kasema. Nikamjibu kwamba mimi ndiye mkubwa, mkubwa hafuati. Yeye akarudi kwenye vifungo vyake. Mume wangu ni mtu wa sindano. Chuma kikianguka tu anaruka. Angejua nini kuhusu mambo ya wahunzi?

16 Agosti

Mkono wa kushoto unajifunza kushika koleo. Mimi na Miwani tumekata springi za lori vipande mia tatu na ziada kwa greinda. Masikio yanalia hata nikiwa mezani.

19 Agosti

Fremu imesimama. Ndefu kuliko mimi, mbaya kuliko sote. Mume wangu kaizunguka na futi yake ya shingoni, kaipima kiuno kwa mzaha. "Huyu hapati suruali," akasema. Nimecheka mara ya kwanza tangu hospitali.

23 Agosti

Majaribio. Umati umejaa uani, hata watu wasionisalimia. Miwani kawasha mota. Nikakanyaga.

Ikapiga! Moja, mbili, tatu, nne, ardhi ikaitikia miguuni. Nikapiga kelele ya furaha. Halafu nikaona watu wanarudi nyuma. Nyundo ilikuwa inatembea. Kila pigo inaruka kidole kimoja kuelekea mlangoni, nzito vile, na mimi naifuata na mguu wangu kwenye kanyagio kwa sababu sikufikiri kuuinua. Tulitembea pamoja hatua tatu. Mama mmoja akasema, "Muacheni, anaitembeza." Umati ukavunjika mbavu.

Sakafu ya udongo haiwezi kuishika. Lazima zege.

24 Agosti

Tumechimba shimo la kina cha kiuno. Zege imemwagwa, boliti nane zimesimama ndani. Inatakiwa ikae siku kumi. Nimesema saba.

25 Agosti

Nimesema saba, Miwani kasema kumi.

27 Agosti

Namwagilia zege maji asubuhi na jioni. Ushirika wametuma mtu kuuliza majembe yamefika mangapi. Nimemwambia yanaendelea vizuri.

29 Agosti

Nimempita Ngurumo stendi, gunia begani. Hakunitazama. Nami sikumtazama mpaka aliponipa mgongo, ndiyo maana nimeona shati lake limechanika mgongoni.

2 Septemba, Jumanne

Nataka kuandika siku hii yote kabla sijaanza kuibadilisha kichwani.

Zege ilikuwa imekomaa siku tisa, tukakubaliana inatosha. Tumefunga nyundo, tumekaza boliti, hakuna umati, nimefunga geti. Miwani kwenye swichi, mimi kwenye kanyagio. Nikachomoa kipande cha kwanza kwenye moto, rangi ya chungwa kama ninavyotaka, nikakiweka chini ya nyundo kwa mkono wa kushoto. Nikakanyaga.

Jamani. Chuma kilitanuka mbele ya macho yangu. Kazi ya mapigo arobaini ya mikono imefanyika kabla sijavuta pumzi ya pili. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika.

Kipande cha pili ndicho kilichoniadhiri. Kililala upande, koleo likateleza kidogo, nikaogopa. Na mhunzi akiogopa hufanya kitu kimoja, anasimama imara. Anakaza kiuno, anakandamiza mguu chini. Miaka thelathini mwili wangu unajua hivyo. Lakini chini ya mguu wangu safari hii haikuwa ardhi, ilikuwa kanyagio. Nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kukandamiza, na nilivyokandamiza ndivyo ilivyozidi kupiga. Nikagonga ukingo wa fuawe kwa koleo mara mbili. Basi! Nikagonga tena. Basi, basi! Mashine haina masikio. Nilikuwa namwita Ngurumo.

Chuma kikaruka. Kikapita kwenye dirisha lile lisilo na kioo, chekundu hivyo hivyo, kikaingia chumba cha mbele. Nikasikia mume wangu anasema "Ala!" na harufu ya sufu ikaja. Miwani akakata umeme, kwa sababu mimi bado nilikuwa nimesimama imara kwenye kanyagio, nyundo inaponda hewa.

Nilikimbia mbele. Mume wangu, huyu huyu anayeruka kijiko kikianguka, alikuwa ameshika chuma cha moto kwa mkasi wake mkubwa wa kukatia, anakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya pasi. Halafu akakanyaga koti lililokuwa linaungua mpaka moshi ukaisha. Lilikuwa koti la suti ya Katibu. Anaitaka Ijumaa kwa mkutano mkuu. Tundu la ukubwa wa sahani, mgongoni.

Nikangoja anigombeze. Alichoniuliza ni, "Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Koti la watu linaungua, wewe unaniuliza mguu!"

"Ndiyo. Ulikuwa wapi?"

Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Ningeweza kumuua. Kile chuma kingepita nusu hatua upande wa kulia, kingempata shingoni akiwa ameinama kwenye kazi yake, na mimi ningekuwa nimesimama imara.

3 Septemba

Sijaingia karakana. Nimemwambia mume wangu nitampelekea Katibu habari mwenyewe, ya koti na ya majembe. Hayapo, hayatakuwepo.

"Subiri mpaka Ijumaa nimpe suti yake," kasema. "Mtu asipewe habari mbili mbaya akiwa hana koti."

4 Septemba

Mume wangu leo kanikalisha kwenye cherehani. Nilikataa. Akasema, "Umenichomea koti, unanidai nini?" Nikakaa.

Kaniwekea vipande vya kitambaa chakavu. "Shona mstari ulionyooka." Nikakanyaga, uzi ukakatika. Nikakanyaga tena, sindano ikavunjika. Ya pili, ya tatu. Sindano ya nne ilipovunjika nilitaka kuitupa cherehani dirishani ifuate njia ya jembe. Yeye kapiga magoti sakafuni, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili.

"Mguu wako unajua neno moja tu," akasema. "Unajua 'simama'. Ufundishe mengine. Kisigino kiweke chini, kisiondoke. Kisigino ndicho breki yako. Vidole ndiyo mwendo. Ukiogopa, kandamiza kisigino, vidole vitainuka vyenyewe."

"Na wewe umeyajuaje?"

"Nilishona kidole changu nikiwa na miaka kumi na minne," akasema, akanionyesha kovu ambalo nimeliona miaka ishirini na saba bila kuuliza. "Nilikanyaga kwa hofu, kama wewe. Kila fundi cherehani anapitia hapo."

Nimelitazama kovu lile nikaona haya. Mtu nimelala naye kitanda kimoja nikimwita mtu wa sindano.

5 Septemba

Katibu kachukua suti, mgongo mpya kabisa, mshono hauonekani. Kajitazama kwenye kioo, karidhika. Majembe? Nimemwambia kweli yote, pamoja na koti. Kajipapasa mgongoni kwa hofu. Halafu akasema, "Tarehe thelathini ni thelathini, mama." Oda hakuifuta.

Nimeshona foronya mbili. Moja imepinda kidogo tu.

6 Septemba

Foronya sita. Habari zimefika stendi. Ngurumo eti kawaambia wabeba magunia, "Dada yangu siku hizi anashona." Wacheke. Sindano haijavunjika tangu jana mchana.

Mume wangu akanishtua kwa kupiga sufuria nyuma ya kichwa changu. Nikaruka, nikamtukana, lakini cherehani ilisimama. Kisigino kilikuwa chini. Kapiga tena baadaye nikiwa nimesahau. Ilisimama tena.

8 Septemba, Jumatatu

Baba yetu alituzuia kukaa mbele ya moto. Mhunzi anayekaa, alisema, amechoka na kazi. Leo nimechukua stuli ndefu ya mume wangu, nimeiweka mbele ya nyundo, nimekaa. Baba anisamehe. Ukisimama mwili mzima unaingia mguuni. Ukikaa, mguu unabaki kuwa mguu. Miwani kabadilisha kanyagio, kaliweka chini zaidi ili kisigino kifike sakafuni. Dirisha tumeliziba kwa bati zito.

Pigo moja. Kimya. Pigo moja. Kimya. Halafu matatu ya polepole, halafu ya haraka, halafu moja la mwisho jepesi la kulainisha ukingo. Ilikuwa inanisikia! Kile nilichotaka ndicho ilichopiga. Koleo likateleza, nikaogopa, na ikasimama.

Bapa za majembe ishirini na tatu leo. Ishirini na tatu! Bega halijasogea. Nimetoka nje nikampigia kelele jirani, jirani kadhani nyumba inaungua.

9 Septemba

Ishirini na sita. Mkasi wa mume wangu umetembea mezani kwa mtetemo mpaka ukaanguka. Kautundika msumarini.

10 Septemba

Ishirini na nane. Miwani kaja kazini bila miwani. Alama ya mpira imemwachia mstari mweupe kipajini. Ahadi ni deni, kasema. Hatukumtambua mara moja.

11 Septemba

Umeme hakuna. Mfua chuma nimefua nguo.

13 Septemba

Bapa mia na moja zimepangwa ukutani. Nzuri, nzito, zinalia vizuri ukizigonga. Na hakuna hata moja yenye tundu la mpini.

Hili nililiacha mwisho kwa makusudi, kama mtoto anavyoacha mboga. Tundu halitobolewi na mashine yangu. Chuma kiwe moto, mimi nishike koleo na tindo, mtu mwingine apige tindo kwa nyundo kubwa, pigo moja katikati kabisa, na tundu lipanuke bila kupasuka. Miwani kajaribu. Pigo la kwanza kakosa tindo, kapiga koleo. La pili kapasua jembe. La tatu nimemwomba aache, navihitaji vidole vyangu.

Yupo mtu mmoja tu anayejua nitakapoweka tindo kabla sijaliweka.

14 Septemba, Jumapili

Nimekwenda kwa Ngurumo. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, nikafika yote yameyeyuka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake anashona shati lake mwenyewe, vibaya sana, mishono kama njia ya mlevi.

"Kisigino kiko wapi?" nikasema, halafu nikacheka peke yangu. Hakuelewa. Hakucheka.

Nikakaa ngazi ya chini yake, mimi dada mkubwa. Nikasema, "Nilikuwa natengeneza mkono wangu. Si wako. Daktari ameuzuia wangu, nikatengeneza mwingine wa chuma. Wewe huwezi kutengenezwa."

Akaichomeka sindano kwenye shati. "Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Hukuniuliza."

"Wewe ukiulizwa unauma, dada."

Ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia niliona shati lake limechanika, kule stendi, nikapita. Nikamwambia siku ile chuma kiliporuka niligonga fuawe mara mbili kumwita, na hakuwepo, na ni mimi niliyemfukuza. Alitazama pembeni, Ngurumo huyu mwenye kifua cha ng'ombe, akajifuta uso kwa lile shati.

"Bapa zangu zina makosa?" nikamuuliza.

"Sijaziona."

"Basi njoo uzione utafute makosa. Utafurahi."

15 Septemba

Kaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kapita mbele ya nyundo bila kuisalimia, kachukua bapa moja baada ya nyingine, kazigonga, kazisikiliza. Kumi na tano hivi. Mwishowe karudi kwenye mashine, kaiangalia inavyofanya kazi nikiwa nimekaa kwenye stuli.

"Inapiga kama wewe," kasema. "Kwa hasira, halafu inajuta."

Akavaa aproni yake. Ilikuwa bado imekunjwa, nilikuwa sijaigusa tangu nilipoitoa juu ya fuawe. Tundu la kwanza, pigo moja. La pili, pigo moja. Nilipogonga ukingo mara mbili alisimama, na tukatazamana.

Majembe kumi na saba kamili, yenye matundu.

17 Septemba

Asubuhi nafanya bapa, mchana tunatoboa. Jana na leo matundu ishirini na tano kila siku. Hatuongei. Raha tupu.

19 Septemba

Mawingu ya kwanza, membamba, upande wa milima. Mia na kumi na saba.

20 Septemba

Mia na arobaini na mbili. Ngurumo kaomba kujaribu nyundo. Alikaa, alikanyaga kama anaua nyoka. Mume wangu kaja na sufuria na foronya. "Shemeji," akamwambia, "karibu darasani." Ngurumo sasa ana foronya mbili mbaya na sindano tatu alizovunja.

23 Septemba

Nyundo imepata pancha! Sijawahi kufikiri nitaandika sentensi hiyo. Msumari umeingia kwenye tairi, nyundo ikaanza kupiga kivivu, halafu ikalala. Fundi wa baiskeli kaziba. Kauliza gari ni aina gani. Miwani kamwambia, "Ni gari la kwenda palepale."

25 Septemba

Mia mbili na ishirini na sita. Mawingu ni mazito, mchana umekuwa wa kijivu, watu wanatazama juu wakitembea. Mwenye duka la yale majembe mepesi kashika geti langu kwa vidole, kachungulia. "Mnaendelea?" Ngurumo akapiga pigo moja ambalo halikuhitajika, basi tu. Mwenye duka kaondoka.

27 Septemba

Mia mbili na sabini na tano. Ishirini na tano yaliyobaki hayana bapa, umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi. Tumesimama wanne uani tunatazama taa iliyozimika. Ngurumo kasema tufanye kwa mkono. Nikatazama bega. Mume wangu kanitangulia. "Yeye hapana. Nipe hiyo nyundo ya kati."

Mume wangu! Kainua nyundo, kagonga pale nilipomwonyesha. Vibaya, lakini pale pale, maana jicho la fundi cherehani halitelezi hata nusu sentimita. Yeye na Ngurumo wakapokezana mpaka jioni, mimi nashika koleo na kuelekeza. Bapa tano. Viganja vyake vimevimba, kesho hataweza kushika sindano. Nimeviosha kwa maji ya chumvi. Nimemwambia nampenda. Kasema nimechelewa miaka ishirini na saba lakini anapokea.

29 Septemba, Jumatatu

Umeme umerudi asubuhi. Bapa ishirini kabla ya chai. Matundu yote kufikia saa tisa. La mwisho likaingia kwenye maji, likafuka moshi. Halafu Miwani akaanza kupiga bati la dirishani kwa spana, Ngurumo akapiga fuawe, mimi nikapiga nyundo yangu tupu, taratibu kwa vidole vya mguu, mume wangu akapiga sufuria lake. Majirani walikuja na kelele zao. Mia tatu! Mia tatu, na siku moja ya ziada!

30 Septemba

Katibu kaja na lori la ushirika, amevaa suti yake. Hakuamini hesabu yangu, kahesabu mwenyewe, nampenda kwa hilo. Halafu kachagua jembe moja katikati ya rundo, katoka nalo barabarani, kalipiga kwenye jiwe kubwa la mpakani kwa nguvu zake zote nyembamba. Jiwe likamenyuka. Kalitazama jembe upande huu na ule. Kalipiga tena.

"Wajumbe wako kwenye lori," akasema. "Nilitaka waone." Kumbe watatu walikuwa nyuma ya turubai wamekaa kimya. Mmoja akashuka akaniuliza kama mwakani mia tano yatawezekana.

Nikamtazama Ngurumo. Ngurumo akamtazama mume wangu. Mume wangu akavificha viganja nyuma.

"Yatawezekana," nikasema.

3 Oktoba

Mvua. Yote imekuja mara moja, asubuhi nzima.

5 Oktoba, Jumapili

Nimetoka kutembea peke yangu mpaka mashambani, udongo unanata kwenye viatu. Watu wamejaa mabondeni, wanalima. Nilisimama kusikiliza. Jembe langu likigonga kokoto lina sauti yake, naijua, na leo nimeisikia kulia na kushoto, karibu na mbali, mpaka kule chini kwenye mto.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ukingoni aliona ninamtazama. Hanijui. Akapumzika kidogo, akaegemea mpini, akapangusa tope kwenye ubapa kwa kidole gumba.

"Unaangalia jembe?" akasema. "Haya ya mwaka huu ni mengine kabisa, dada. Wanasema yanafuliwa na mama mmoja huko mjini. Hebu fikiria huyo mama ana mkono wa namna gani!"

Nilitazama bega langu, limefungwa chini ya khanga. Nikashindwa kujizuia.

"Si mkono, dada," nikamwambia. "Ni mguu."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya tope, akaona nimesimama juu ya kisigino kimoja, vidole juu, najipigia mdundo bila kujua. Akaanza kucheka kabla hajaelewa, nami nikacheka naye, na akarudi kulima.